Roboti ya Kwanza ya Taifa Letu

Iko nchi moja. Msiniulize iko wapi, maana nikiulizwa na wenye mamlaka ya kuuliza nitajibu kwamba niliisikia kwa mtu, na mtu mwenyewe amekwisha hama. Ni nchi nzuri, ina amani tele, na watu wake wamezoea. Wamezoea nini? Wamezoea tu.

Katika nchi hiyo palikuwa na Mkuu wa Wilaya aliyeitwa Polikapi Ngwembe. Alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo la wastani kwa cheo chake, na kwa muda mrefu alikuwa hana raha. Kilichomnyima raha ni gari. Gari alilopewa lilikuwa dogo, la mjini, tumbo lake karibu liguse chini. Kila alipokwenda vijijini wananchi walilazimika kulisukuma, jambo ambalo katika taarifa zake aliliita ushirikishwaji wa jamii.

Gari alilolitaka lilikuwa jingine kabisa. Lilikuwa refu, pana, lenye matairi ya meno, na bomba lililopanda ubavuni hadi juu ya paa ili gari liendelee kupumua hata likiwa katikati ya mto. Wakuu wa wilaya za jirani walikuwa nalo. Walipokutana mikutanoni, magari yao yalipangwa kivulini yamekaza mabega, na la Polikapi lilisukumwa nyuma ya jiko, ambako wapishi walilianikia vitambaa. Nyumbani kwake alikata picha ya gari hilo kwenye kalenda, akaibandika ukutani, na mkewe, Bi. Oliva, alikwisha zoea kumkuta anakunywa chai huku ameielekea.

"Ungekuwa unaniangalia mimi hivyo," Bi. Oliva alimwambia siku moja.

"Wewe huwezi kuvuka mto," Polikapi alijibu, bila ubaya wowote.

Sheria ya nchi ile ilikuwa ya haki: gari la shida hutolewa penye shida. Wilaya ikilitaka, sharti ithibitishe kwamba barabara zake hazipitiki. Hapo ndipo palipokuwa na kikwazo, kwa sababu barabara mbaya kuliko zote wilayani, ile ya kupanda milimani hadi kijiji cha Kisangule, ilikuwa inapitika. Kila baada ya mavuno wanakijiji walishuka na majembe na makarai ya kokoto wakaziba mashimo wenyewe, bila kutumwa. Polikapi aliposikia habari hiyo aliumia sana. Akaenda, gari likasukumwa hadi mahali pa mkutano, akahutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "hili mnaloliona hapa si shimo. Ni hoja! Ni hoja ya wilaya yenu mbele ya taifa. Mkilifukia, mnafukia maendeleo yenu kwa mikono yenu wenyewe. Kuanzia leo shimo ni mali ya serikali."

Watu wakapiga makofi. Wiki iliyofuata akakamatwa mwanamke mmoja wa Kisangule aitwaye Mwanne, mfinyanzi, aliyekutwa na karai la kokoto akifukia shimo ambapo vyungu vyake vilikuwa vikivunjika kila alipokwenda sokoni. Alipelekwa kituoni, akaonywa, akaachiwa baada ya kuahidi kwamba hatarudia. Kabla ya kuachiwa alirudishwa barabarani na askari, akalifukua lile shimo mpaka likawa kama alivyolikuta.

Mvua zikafanya kazi yake. Basi likaacha kwenda Kisangule. Gari la zahanati nalo likaacha. Polikapi akatuma maombi.

*

Aliyekuja kukagua alikuwa Waziri wa Mambo Mapya, Mheshimiwa Daktari Daktari Hosea Lumato. Aliitwa Daktari mara mbili kwa sababu shahada zake zilikuwa mbili, na moja kati ya hizo aliisomea. Alikuja kwa helikopta, kwa kuwa barabara ilikuwa mbaya. Baada ya kuzunguka juu ya milima alishuka, akakaribishwa chakula cha mchana nyumbani kwa Mkuu wa Wilaya.

"Mashimo nimeyaona," alisema akinawa mikono. "Hongera. Ni mashimo ya kiwango cha kimataifa. Ila waombaji wa gari ni wengi, Bwana Ngwembe. Kuna mwenzako amepoteza daraja zima."

Polikapi akainamisha kichwa. Daraja hakuwa nalo.

Lakini Waziri naye hakuwa na furaha. Alikula kidogo, akaguna, akaeleza. Mwaka uliopita alikuwa ametangaza kwamba taifa litaingia katika zama za roboti, kila kaya na roboti yake, ya kufagia, kupika na kuosha vyombo. Mambo yalipangwa vizuri sana. Kilichokosekana ni roboti. Sasa sikukuu ya taifa ilikuwa inakaribia, na Mkuu wa Nchi alikuwa amemuuliza mbele ya watu, "Roboti zangu ziko wapi?"

Bi. Oliva, aliyependa wageni wake wacheke, akasema, "Roboti ya nini tena, Mheshimiwa? Sisi tunayo. Si huyu Sikudhani? Anaamka kabla ya jogoo, halalamiki, hali sana, na ukimwita mara moja kafika. Kilichobaki ni kumchomeka ukutani tu!"

Wakacheka wote. Sikudhani, mfanyakazi wao wa ndani, alikuwa anaingia na bakuli la kisamvu, na yeye akatabasamu, maana Bi. Oliva hakuwa mtu mbaya na utani wake haukuwa na miiba. Alikuwa msichana mrefu, mtulivu, mzaliwa wa Kisangule. Yule mfinyanzi Mwanne alikuwa shangazi yake.

Waziri alikuwa wa kwanza kuacha kucheka. Akaweka kijiko chini, akamtazama msichana kuanzia miguuni.

"Anaweza kusimama muda mrefu?"

"Nani?" Bi. Oliva aliuliza.

"Hiyo."

Sikudhani akaweka bakuli mezani.

"Bwana Ngwembe," Waziri alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali, "wewe unahitaji gari. Mimi nahitaji roboti. Nchi inahitaji matumaini. Naona vyote vitatu vimekutana mezani kwako."

Polikapi akamtazama mkewe, kisha akatazama ukutani, kwenye picha.

"Ni mtu, Mheshimiwa," alisema kwa sauti ndogo. "Ana kwao."

"Sote tuna kwetu," alisema Waziri, akajipakulia kisamvu.

*

"Ni siku moja tu, Siku," Bi. Oliva alimbembeleza jikoni. "Unasimama, unamimina chai, basi. Watu wanafurahi, tunarudi."

"Mama, nilikuwa nataka kuomba ruhusa Jumamosi. Mama yangu kifua kimembana tena."

"Utakwenda. Sherehe ikiisha tu. Tena utakwenda na gari jipya, Baba mwenyewe atakupeleka."

"Litafika Kisangule?"

"Si ndiyo kazi yake?"

Sikudhani akakubali. Au niseme kwamba hakuulizwa tena.

Akaletwa fundi anayetengeneza majiko ya bati. Alimpima mabega na kiuno bila kumwuliza jina, akamkatia kifua cha bati, mikono ya bati na kofia yenye masikio mawili ya waya. Kifuani aliweka taa mbili za redio mbovu, moja nyekundu, moja ya kijani. Uso, shingo na viganja vikapakwa rangi ya fedha, ile ya kupaka mageti. Waziri akamfundisha mwenyewe kutembea kwa kukatakata, na kusema mambo matatu tu: "Ndiyo," "Tayari," na "Asante kwa kunitumia."

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Roboti ya kwanza ya taifa ilitoka chini ya pazia, ikatembea hadi kwa Mkuu wa Nchi, ikamimina chai bila kumwaga hata tone. Uwanja ukalipuka. Mkuu wa Nchi alisimama, akaigusa shavu.

"Ina joto," alisema.

"Ni injini, Mheshimiwa," alisema Waziri.

"Unatoka wapi?" Mkuu wa Nchi aliiuliza roboti, kwa upole, kama wanavyouliza viongozi.

Jibu la swali hilo haikufundishwa.

"Tayari," ikasema.

Watu wakashangilia zaidi. Jua lilikuwa kali na jasho lilikuwa limeanza kuchora mistari kwenye rangi. Katika viti vya nyuma mtu mmoja alimgusa mwenzake.

"Huyo si mtu?"

"Ni mtu," mwenzake alijibu. "Piga makofi."

Wakapiga.

Kesho yake Baraza la Sarufi ya Taifa lilikutana kwa dharura, kwa sababu watangazaji walikuwa wamechanganyikiwa. Wengine walisema "roboti huyu", wengine "roboti hii". Baraza likaamua: ni hii. Kusema "huyu" ni kuhujumu teknolojia. Nami ninayesimulia naheshimu sheria za nchi za watu, kwa hiyo mnivumilie nikisema roboti ilipika, roboti ilifua, roboti ilisimama.

*

Ile siku moja haikuisha. Roboti ilirudishwa nyumbani kwa Mkuu wa Wilaya, maana Waziri alisema ionekane katika mazingira yake ya asili, na wageni wakaanza kumiminika: walimu wakuu, wajumbe, wafanyabiashara, akina mama wa chama. Wote walipewa chai. Roboti haikuruhusiwa kukaa mbele ya watu, kula mbele ya watu wala kupiga chafya. Kwa kuwa kila mgeni aliuliza inachajiwaje, ilitengenezewa waya wa kufungwa kiunoni, ncha nyingine ikachomekwa ukutani, na mahali pake pa kupumzikia pakawa pale chini, karibu na soketi.

Umeme tu ndio ulioihurumia. Ulipokatika, kanuni zilisema mashine isimame. Umeme wa nchi ile ulikatika mara nyingi, na wageni wakiwapo roboti ilizimika hapo hapo, ikafumba macho, na Polikapi akaeleza kwa fahari kwamba ni mashine isiyo na udanganyifu.

Mwanzoni ilikuwa inalia jikoni, kwa siri, na Bi. Oliva aliifuta na kuipaka upya. Baadaye ikaacha. Bi. Oliva alifurahi kwamba imezoea. Akiita "Siku!" ilikuwa inachelewa kuitika, akiita "Roboti!" ilikuja.

Asubuhi moja Bi. Oliva alikuta roboti inatoka jikoni imebeba sufuria ya maji yanayochemka, bila kitambaa, viganja vimeshika chuma.

"Siku! Unaungua!"

Roboti iliangalia mikono yake kama mikono ya jirani. Ikaweka sufuria chini taratibu.

"Tayari," ikasema.

Bi. Oliva alikaa kwenye kigoda, akashika kichwa. Kisha akainuka akatafuta asali ya kupaka, maana kulikuwa na wageni saa nne.

Ni siku hiyo hiyo alipokuja Shangazi Mwanne. Alikuwa ametembea kutoka Kisangule, amelala njiani, kanga yake imejaa matope hadi magotini. Akamwambia askari wa getini, "Nimemfuata Sikudhani. Mama yake hali si nzuri. Anamwita."

"Hapa hakuna Sikudhani," askari alisema.

"Mfanyakazi wao wa ndani."

"Hawana mfanyakazi. Wana roboti."

"Basi niitie roboti."

"Mama yangu," askari alisema, na hakusema kwa ukali, "roboti haina mama. Ukikaa hapa utaniharibia kazi."

Mwanne akachungulia kati ya nondo za geti. Barazani waliketi wajumbe kutoka makao makuu, na mbele yao roboti ilisimama na sinia.

"Sikudhani!" aliita. "Mama anakuita, mwanangu!"

Wajumbe wakageuka. Polikapi akageuka. Bi. Oliva akageuka, na akamtambua yule mwanamke kwa kuwa alifanana na msichana wake kila kitu, hata kusimama. Aliyebaki bila kugeuka ni roboti peke yake. Ilishikilia sinia sawasawa, vikombe havikulia.

"Ajabu!" mjumbe mmoja alisema. "Kelele zote hizo, haishtuki."

Jioni Bi. Oliva alimwambia mumewe, "Tumpeleke kwao, Polikapi. Tuliahidi."

"Tutampeleka. Gari likija."

"Na kama halijaja?"

Polikapi akakunywa chai. "Barabara ile bila gari haipitiki," alisema, na alisema ukweli mtupu.

*

Gari likaja. Lilikuwa la rangi ya mchanga, na bomba lake lilifika juu ya paa kama alivyoahidiwa. Polikapi alilizunguka, akaligonga matairi kwa kidole, akaingia, akatoka, akaingia tena. Alikula ndani yake. Aliliosha mwenyewe. Dereva wake, Faraji, alipewa kazi ya kusimama pembeni na kuangalia.

Tatizo lilikuwa moja: Polikapi hakuwa na moyo wa kulitia matope. Akawa analiendesha kutoka nyumbani hadi ofisini, kwenye lami, polepole, mwendo wa kumaliza pipi. Bi. Oliva alipomkumbusha habari ya Kisangule, alisema wasubiri mvua zipungue. Zilipopungua, alisema miamba imebaki wazi, ina kona kali.

Aliyempeleka Polikapi Kisangule hatimaye ni Waziri, kwa simu. Alitaka roboti ikaonyeshwe kijiji cha mbali kuliko vyote, ili ijulikane kwamba maendeleo hayabagui. Redio ya taifa ingerusha tukio moja kwa moja. Polikapi alipotazama ramani akaona kijiji cha mbali kuliko vyote ni kipi.

Wakaondoka asubuhi: Faraji kwenye usukani, Polikapi mbele, Bi. Oliva nyuma pamoja na mtangazaji wa redio na mitambo yake. Roboti iliwekwa nyuma kabisa, kwenye mizigo, karibu na dumu la mafuta, kwa kuwa kanuni za kusafirisha mashine hazikutaja kiti.

Na mimi sisemi uongo: lilikuwa gari. Liliingia kwenye mashimo ambayo ng'ombe walikuwa wakiyakwepa, likatoka upande wa pili bila kukohoa. Polikapi alisahau hofu zake zote. "Umeona, Oliva? Umeona lilivyomeza lile? Faraji, rudi nyuma kidogo tulipite tena!" Wakalipita tena.

Katikati ya mlima walikutana na wanaume wanne wamebeba mgonjwa kwenye kitanda cha kamba, wanateremka naye kwa miguu kuelekea hospitali ya wilaya. Wakasimama pembeni, ndani ya matope, gari lipite.

"Wananchi wetu wana nguvu," Polikapi alisema kwa dhati. Bi. Oliva alifungua dirisha, halafu akalifunga.

*

Kisangule ni kijiji kidogo. Kila mtu pale aliijua roboti hiyo tangu ilipokuwa inabebwa mgongoni. Ilipoteremshwa kutoka kwenye mizigo na kusimamishwa uwanjani, kofia imepinda, taa ya kijani inawaka, hakuna aliyecheka wala aliyepiga kelele. Watu waliitazama tu. Kisha macho yao yakaenda kwenye nyumba ya tatu kutoka uwanjani. Pembeni ya nyumba hiyo kulikuwa na kaburi, udongo wake bado mwekundu.

Roboti nayo ilitazama huko.

Bi. Oliva alielewa kabla ya mumewe. Akamshika mkono, akamnong'oneza. Polikapi akabadilika rangi. Akaisogelea roboti kana kwamba anairekebishia kofia.

"Siku," alinong'ona, "pole. Pole sana. Sikujua. Lakini nakuomba, redio iko hewani, nchi nzima inasikiliza. Usilie. Tutalia nyumbani."

Roboti haikulia. Watu wa Kisangule walidhani inajizuia, na mpaka leo wengine wanaisifu kwa hilo. Haikujizuia. Ilitafuta ndani cha kulilia, ikakuta pametulia, kama chumba kilichokwisha fagiliwa na kufungwa.

Mtangazaji akaashiria. Polikapi alikuwa mtu wa kazi; alipoona kipaza sauti, mdomo wake ulijua njia.

"Ndugu wananchi wa Kisangule! Wapo wanaosema kwamba teknolojia ni ya wakubwa. Wapo wanaosema roboti ni ya mijini, ni ya wenye sakafu za marumaru. Leo nimekuja kuwaumbua! Nasema mbele ya taifa zima: roboti hii si ya Waziri. Roboti hii si ya Mkuu wa Wilaya. Roboti hii ni yenu!"

Kabla makofi hayajapangwa, Shangazi Mwanne alisimama. Kanga yake alikuwa ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda shambani. Akapiga magoti kwa adabu zote, akakisogelea kipaza sauti.

"Mheshimiwa," alisema, "tunaishukuru serikali. Tumeipokea."

Kijiji kizima kikapiga vigelegele. Vigelegele hivyo vilisikika nchi nzima, na wakubwa waliokuwa wakisikiliza redio ofisini wakatazamana kwa kuridhika.

"Ninachomaanisha," Polikapi alisema, "ni yenu kwa maana ya kwamba..."

"Tumekuelewa, Mheshimiwa. Ni yetu."

"Ni ya taifa, na ninyi ni taifa, kwa hiyo katika maana hiyo..."

"Hakuna kiongozi aliyewahi kutuletea kitu na kutuachia," Mwanne alisema, ameinamisha macho. "Wewe ni wa kwanza. Tutakuombea."

Vigelegele tena. Polikapi akafuta jasho.

"Lakini hapa hamna umeme, mama. Mashine hii inahitaji umeme. Itazimika."

"Ikizimika itapumzika."

"Inahitaji matunzo."

"Tutaiogesha."

Polikapi akamgeukia mkewe amsaidie. Bi. Oliva alikwisha ondoka kando yake, akarudi kwenye gari. Alikuwa amekwenda nyuma, kwenye mizigo, akatoa ule waya wa kufungwa kiunoni, ameukunja vizuri. Akapita mbele ya mumewe na mtangazaji, akamkabidhi Mwanne kwa mikono miwili.

"Na waya wake huu, mama," alisema. "Mtusamehe. Tumeitumia sana."

Mwanne akaupokea. Hakusema asante.

Basi ikawa imekabidhiwa, na taifa zima lilisikia. Polikapi akapeana mikono na watu wote waliotoa mikono. Waliporudi kwenye gari, Faraji alizunguka, akasimama mbele ya roboti, akavua kofia yake ya udereva.

"Kwaheri, dada," alisema. Kisha akaenda kuwasha gari.

Wiki hiyo Polikapi alisifiwa kwenye magazeti kama kiongozi wa kwanza katika historia kugawa roboti kwa wananchi wa chini. Alipandishwa cheo, akahamishiwa mji mkuu, ambako barabara zote ni za lami. Alikwenda na gari lake. Waziri aliahidi roboti nyingine mia kwa wilaya nyingine, na nasikia wakuu wa wilaya kadhaa wameanza kuwatazama wafanyakazi wao wa ndani kwa jicho jipya. Bi. Oliva alikataa kuletewa nyingine. Anaosha vyombo mwenyewe, na watu wanasema amechanganyikiwa kidogo.

Lakini hayo ni ya wakubwa.

*

Siku ile ile, gari lilipokwisha kupotea mlimani, Mwanne alimshika Sikudhani mkono, akamwingiza uani. Akamfungua bati la kifua, akamvua kofia na mikono, akamkalisha kwenye kinu kilicholazwa. Sikudhani alikaa kama alivyokalishwa.

Rangi ya mageti haitoki kwa maji. Mwanne alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaanza na viganja. Alipoona makovu ya moto alisimama kidogo, akaendelea. Akafuta mikono, akafuta shingo. Chungu cha maji ya moto kilikuwa tayari jikoni. Akayachanganya na ya baridi, akamwagia kichwani kwa kata, akamsugua kwa sabuni.

"Siku ile getini," Mwanne aliuliza, bila kuacha kusugua, "ulinisikia?"

"Nilikusikia, shangazi."

"Mbona hukugeuka?"

Sikudhani aliangalia viganja vyake.

"Sikujua kama ni mimi unayeniita."

Mwanne akachota maji mengine. Alipofika usoni alirudia mafuta ya taa, ikabidi asugue kwa nguvu, maana pale rangi ilikuwa imepakwa juu ya rangi. Ngozi ikaanza kutokea, nyekundu, yenye vipele, kwanza paji la uso, halafu pua, halafu shavu moja.

"Yanachoma," Sikudhani alisema.

"Yachome."

Maji yalimtiririka mabegani. Sikudhani akauliza, "Mama aliniulizia?"

"Kila siku."

"Mkamwambiaje?"

"Tukamwambia uko njiani, barabara tu ndiyo mbaya."

"Akaamini?"

"Aliamini," Mwanne alisema. "Alikuwa anaijua barabara."

Hapo ndipo Sikudhani alipofungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa mbaya, nzito, haina mpangilio, na mwanzoni kuku walikimbia. Majirani waliisikia. Matanga ya mama yake yalikwisha anuliwa, mikeka imerudi kwa wenyewe, lakini wanawake waliacha walichokuwa wanafanya, wakaja mmoja mmoja na mikeka yao, wakaitandika tena uani. Mmoja akachochea moto. Wakaketi kumzunguka bila kuambiana, na msiba ukaanza upya.